Silinda Kumi na Nne

Injini ya Dakota, ukiipunguza mara 72, inakuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Nilikuwa nimeishika kwa kibano chini ya taa ya mezani, nahesabu silinda zake kwa ncha ya sindano. Saba mstari wa mbele. Nikaigeuza. Saba mstari wa nyuma. Nikahesabu tena, kwa sababu kazi ya uandishi wa habari imenizoesha kuhesabu mara mbili, ingawa siku niliyotakiwa hasa kufanya hivyo sikufanya. Kumi na nne. Baba alikuwa kwenye kochi nyuma yangu, redio mapajani, anasubiri taarifa ya habari ya saa mbili.

"Baba," nikasema bila kugeuka, "si uliniambia ni tisa?"

Akaongeza sauti ya redio.

Nianzie mbali kidogo. Mama alifariki mwaka juzi, na baba akabaki Korogwe na kuku wake, na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Nilimleta Dar es Salaam kwa upasuaji. Naishi Kipunguni, ambako ndege zinazokuja kutua hupita chini sana juu ya bati, kiasi kwamba mazungumzo husimama, halafu huendelea pale yalipoishia, na wanaoshangaa ni wageni tu. Baba hakushangaa hata siku ya kwanza. Jicho moja lilikuwa na bandeji na la pili lilikuwa haliaminiki, lakini alikaa barazani akisikiliza. "Jeti," anasema. Zinapita dakika kadhaa. "Hiyo ya panga." Hakukosea hata mara moja, nami nilikuwa naangalia kwa macho yangu mazima.

Ndege za panga ana wivu nazo. Mwaka 2016 serikali iliponunua zile Bombardier Q400 mbili, na watu mitaani wakaanza kuzibeza kwamba ni pangaboi, alikasirika kama vile umetukanwa ukoo. Alinipigia simu kutoka Korogwe, yeye ambaye kawaida anabipu tu, akataka niandike gazetini kwamba panga si ushamba, panga ni hesabu: uwanja mfupi, abiria wachache, mafuta ya kubana. Sikuandika.

Nilikuwa nimeshaandika, ndiyo shida yenyewe. Mwaka 2013, nikiwa na miaka 24 na miezi minane tu kazini, niliandika makala ya Jumapili kuhusu baba yangu. Nilimweleza kuwa fundi wa injini aliyefungua na kufunga Dakota za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki pale Embakasi, Nairobi, na ambaye shirika lilipokufa mwaka 1977 alirudi nyumbani, akaishia kugawa majembe na glovu kwenye stoo ya shamba la mkonge. Niliipenda sana sentensi ile. Ilikuwa na mporomoko ndani yake, juu mawingu, chini majembe. Mhariri naye aliipenda, akaichomoa na kuiweka kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Silinda tisa nazo zilikuwemo, aya ya tatu, kwa sababu mwalimu wetu chuoni alitufundisha kwamba namba moja ndogo ya uhakika huifanya habari nzima iaminike.

Modeli ilifika mwezi Februari, kwenye begi la rafiki yangu aliyekuwa anarudi kutoka London. Nilimwagiza nikiwa na wazo rahisi tu: mzee ana jicho jipya, hana mke, na mikono ya fundi haifai kulala. Tutaijenga pamoja Dakota yake. Kwenye boksi imechorwa ndege ya vita, mabawa yana mistari myeusi na myeupe, ile waliyopaka ndege za Washirika mwezi Juni 1944 kabla ya kuvuka kwenda Normandy, ili askari wao wenyewe wasizitungue. Baba aliiangalia picha ile kwa muda, akaisogeza karibu na jicho. "Hii imevaa kanga ya nani?" akauliza.

Ukifungua boksi humo ndani hakuna ndege. Kuna fremu za plastiki ya kijivu, na kwenye kila fremu vipande vimeshikiliwa na vishina vyembamba, kila kipande na namba yake. Kuna fremu moja ya plastiki angavu kwa ajili ya vioo. Kuna karatasi ya stika, zile za kuloweka kwenye maji hadi ziteleze. Na kijitabu cha michoro, karibu hakina maneno, ni mishale na namba tu. Kipimo ni 1/72, ambacho kina maelezo mazuri ukikiweka katika vipimo vya kizamani: inchi moja ya modeli ni futi sita za kweli. Mwanaume mrefu anakuwa inchi moja. Dakota yenyewe, ambayo mabawa yake yana mita 29 kutoka ncha hadi ncha, inakuwa sentimita 40. Inaenea kwenye stuli.

Nilimpa baba wembe na nusu ya kiwiliwili cha ndege, nikakaa pembeni kama mtu anayesubiri mpira uanze.

Alikata kishina vibaya, akamegua na ukingo wa mlango wa mizigo. Nikasema ni macho. Akasema ndiyo, macho. Siku ya pili gundi ilimtoka nyingi ikaangukia kioo cha rubani, na gundi hii haishiki tu, inayeyusha plastiki, ndivyo inavyofanya kazi. Kioo kikapata kovu upande wa kushoto ambalo lipo hadi leo. Nikasema tena macho. Siku ya tatu aliuweka wembe mezani taratibu, akaniomba nimnunulie daftari.

Lile daftari ningelielewa mapema kama ningekuwa makini. Alipiga mistari kwa rula, safu tano: namba ya kipande, fremu yake, tarehe kilipotoka, kimekwenda wapi, salio. Akaomba trei la mayai lililokwisha. Kila kipande nilichokata kiliingia kwenye shimo lake la trei, vidogo zaidi vikawekwa kwenye vifuniko vya soda, na kila shimo likabandikwa karatasi yenye namba. Baada ya hapo kazi ilibadilika kabisa. Nikisema "kumi na tisa B," baba hainui hata kichwa, mkono unakwenda wenyewe, kipande kinatua kwenye kiganja changu, halafu nasikia kalamu inakwaruza. Siku moja nilitaka kuchukua usukani wa rubani mwenyewe, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Alinipiga kofi la mkono, kofi la kweli. "Usijichukulie," akasema. "Omba."

Nilicheka. Mwandishi wa habari mzima, nilikuwa naona kila kitu na sielewi chochote.

Tulikwenda hivyo wiki tatu, jioni kwa jioni. Nilisoma kuhusu ndege ile kadri nilivyoijenga. Ilipaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, Santa Monica, California, ikiitwa DC-3. Vita vilipokuja jeshi la Marekani likaiimarisha sakafu, likaiwekea mlango mkubwa wa mizigo na kuiita C-47. Waingereza wakaiita Dakota, na jina hilo ndilo lililofika kwetu. Ukijumlisha za jeshi na za kiraia, zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na vita vilipokwisha dunia ikajikuta na Dakota nyingi kuliko kazi za kuzipa. Zikauzwa kwa bei ya kutupa kwa mashirika machanga kila pembe. Letu lilianzishwa mwaka 1946, likaanza na Dragon Rapide za de Havilland, vindege vya mbao na turubai vyenye mabawa yaliyopandana ghorofa mbili. Dakota zilikuja baadaye, na baba alipofika Embakasi mwaka 1970, kijana wa miaka 19, zilikuwa bado zipo, vikongwe, zinahudumia viwanja vidogo wakati Super VC10 zinakwenda London.

Kuna mambo ambayo vitabu vinaeleza na mikono ndiyo inaelewa. Bawa la Dakota halikunjuki moja kwa moja kutoka ubavuni. Kipande cha katikati kimelala sawa, halafu baada ya injini bawa linainuka taratibu kuelekea nchani, na ukikosea pembe ile kwa milimita mbili tu ndege nzima inaonekana mgonjwa. Magurudumu nayo hayajifichi: hata yakikunjwa, nusu ya tairi hubaki nje. Na ndege hukaa kwa mkia, pua juu, kwa hiyo abiria akiingia kwa mlango wa nyuma anapanda kilima hadi kwenye kiti chake. Baba alisema akina mama walikuwa wakishikilia viti huku wanacheka, wanasema tumeshaanza kupaa. Hilo aliliona kwa macho yake, na nilipomwuliza alikuwa amesimama wapi akasema, "Pale pale." Sikuuliza pale pale ni wapi.

Rangi ilinitesa. Sikupata duka lenye rangi za modeli, nikaenda Gerezani nikanunua kopo la rangi ya kupuliza ya magari, nyeupe. Nilipuliza upande wa juu wa bawa la kulia nikafurahi kwa dakika nzima, kisha plastiki ikaanza kujikunja kama utando wa maziwa. Msasa, puti, msasa tena. Nikahamia rangi za maji za wanafunzi wa sanaa, kwa brashi, tabaka nyembamba tatu, na kwa kuwa masika ilikuwa imeingia, kila tabaka lilichukua siku mbili kukauka na jingine likapiga ukungu. Baba aliandika kwenye daftari: *Bawa la kulia, limeharibika, limerekebishwa, tarehe.* Hakunilaumu, aliandika tu. Nadhani ningependelea anilaumu.

Halafu ndio usiku wa injini.

Alipoongeza sauti ya redio nilinyamaza, na siku mbili zilizofuata hatukugusa ndege. Nilifanya kile ninachokijua: nilikwenda kutafuta ushahidi wa kumtoa. Na nikaupata, karibu. DC-3 za mwanzo kabisa zilitumia injini za Wright Cyclone, mstari mmoja wa silinda, tisa! Unaweza kuamini furaha yangu? Nilisoma ile sentensi nikiwa ofisini na nusura nimpigie simu. Tatizo ni kwamba zile za jeshi, C-47, ambazo ndizo zilizouzwa baada ya vita, zilikuwa na Pratt & Whitney Twin Wasp, mistari miwili ya saba. Lakini nilijiambia labda, labda shirika lilipata moja ya zamani. Jioni nikamletea baba habari za Wright kama mtu anayempelekea mshitakiwa wakili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Jicho la pili lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji wiki iliyotangulia, na kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa ananiona vizuri, na mimi nikaona ananiona.

"Hapana, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Zetu zilikuwa Pratt. Najua vizuri. Vipuri vyake nilikuwa napokea mimi."

"Unapokea?"

"Napokea, naandika, natoa."

Ndege ikapita juu ya bati. Tukasubiri.

"Ulikuwa stoo," nikasema.

"Miaka saba."

Nilimwuliza kwa nini aliniambia ni fundi. Nilijaribu kuuliza kwa sauti ya kawaida.

"Sikukuambia. Tafuta kumbukumbu zako, si una madaftari? Mama yako ndiye alikuwa akiwaambia watu: mume wangu ni fundi wa ndege. Nilimposa nikiwa na shati lenye nembo, yeye akaona nembo. Mtaa mzima ukasema fundi. Wewe ukazaliwa ukakuta nimeshakuwa fundi. Mimi nilinyamaza tu."

"Na silinda tisa?"

"Uliniuliza ukiwa na kalamu mkononi," akasema. "Ningekuambia sijui?"

Hili lingetosha, na kama ningekuwa naandika makala ya Jumapili ningeishia hapo. Lakini baba aliendelea, na ndilo jambo ambalo sikulitarajia. Alisema uongo wa silinda anaukubali, ni wake, atauchukua. Kilichomkalia miaka yote hii si hicho. Alinyoosha kidole kuelekea kabati ninakoweka magazeti ya zamani. Makala ile anayo, alisema, aliikata, ipo Korogwe kwenye sanduku. "Uliandika nimeishia stoo. Sikuishia stoo, mama. Stoo ndiko nilikoanza na ndiyo kazi yangu. Ulinihurumia mbele ya watu kwa kitu ambacho hakikunitokea."

Sikuwa na jibu. Sijapata jibu hadi leo, ndiyo maana naandika. Nilikuwa nimejenga maisha ya baba yangu kutoka kwenye picha ya boksi, nikayabandika mistari ya vita isiyo yake. (Naona sentensi hii imenitoka nzuri kupita kiasi. Ile ya mwaka 2013 nayo ilikuwa nzuri.)

Usiku ule ndio nilimsikiliza kwa mara ya kwanza akizungumzia kazi yake, na alizungumza hadi saa sita. Alinieleza kwamba kwenye ndege boliti isiyo na karatasi ni chuma chakavu, hata iwe mpya inang'aa, hata iwe imetoka kiwandani jana. Lazima ijulikane imetengenezwa wapi, imepokelewa na nani, imekaa rafu gani, imetolewa kwa ajili ya ndege ipi. Fundi anaweza kuwa bingwa wa dunia, akapewa boliti isiyojulikana akaifunga vizuri sana, na ndege ikaanguka kwa ufundi huo huo. Alinieleza kuhusu mpira. Chuma kinasubiri, alisema, mpira hausubiri. Bomba, vizuizi vya mafuta, tairi, vyote huzeeka vikiwa vimelala kwenye rafu bila kuguswa na mtu, kwa hiyo kilichoingia kwanza hutoka kwanza, na kilichopitwa na tarehe yake hutupwa hata kama hakijawahi kuona jua. Kulikuwa na mafundi waliokuja dirishani usiku, wana haraka, ndege inasubiri, wanasema nipe tu bwana karatasi nitaleta kesho. Hakuwapa. Walimchukia. Mmoja alimtemea mate kwenye kaunta, na asubuhi yake akarudi na karatasi na chai.

"Fundi akikosea unaona," baba akasema. "Stoo ikikosea huoni mpaka watu wafe."

Na hadithi ya ufundi? Hiyo ina mchekesho wake. Aliporudi Korogwe mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukiwa umefungwa na yeye akiwa na begi moja na picha tatu, watu walimletea redio mbovu. Fundi wa ndege, redio itamshinda? Aliona aibu kukataa. Akazifungua usiku kwa kibatari, akaandika kila skrubu ilikotoka, akazifunga tena, na nyingine zikaimba. Ikaja baiskeli, ikaja mashine ya kusaga. Nimekua nikimwona baba akitengeneza vitu vya kijiji kizima, na hiyo ndiyo ilikuwa hakika yangu kubwa: si unaona mwenyewe, ni fundi. Alijifunza ufundi kwa kukwepa kuumbuka. Kazi ya kulipwa mshahara aliipata palepale kwenye shamba la mkonge, stoo, kwa sababu alipoulizwa kwenye usaili anajua nini alisema ukweli.

Nilimwandikia mhariri wa gazeti nikaomba makala ile ya 2013 isahihishwe mtandaoni. Ni mhariri mwingine siku hizi, kijana. Aliuliza nani amelalamika. Nikasema muhusika. Akauliza muhusika ni nani, nikasema baba yangu, akatuma emoji ya kucheka na kusema tutaangalia. Nilipochungulia jana, mzee bado anafungua silinda tisa.

Tulirudi mezani. Injini ziliingia kwenye vifuniko vyake, na kwa kweli zikishaingia hakuna atakayeona silinda za nyuma, unaona uso tu na panga tatu mbele yake. Tulitengeneza maandishi ya shirika wenyewe, kwa kompyuta na karatasi ya stika, kwa kufuata picha ya baba ya nyeusi na nyeupe ambayo ndani yake paa la ndege linaonekana jeupe na chini bati tupu. Mgogoro ulikuja kwenye herufi za usajili. Ndege za shirika ziligawanywa kwa nchi tatu: zilizoanza na 5Y za Kenya, 5X za Uganda, 5H za Tanzania. Nilitaka 5H. Baba akakubali 5H. Herufi zinazofuata? Alifumba macho, akataja mbili, akasita, akazifuta kwa mkono hewani.

"Weka yoyote tu," nikasema. "Nani atajua?"

Alinitazama kwa macho yake mapya yote mawili. "Kama huna namba, acha wazi. Hatukisii."

Kwa hiyo ndege yetu ina 5H, kistari, na nafasi tupu. Watu wanaokuja nyumbani hudhani stika imebanduka.

Kitu cha mwisho nilichotaka ni mtu. Baba ana urefu wa sentimita 168, kwa kipimo chetu ni milimita 23, nami nilichonga mtu huyo kutoka kwenye vipande vya fremu, nikampaka shati jeupe na suruali ya kaki. Mpango wangu tangu Februari ulikuwa asimame kwenye ngazi, chini ya injini ya kushoto, kifuniko kimefunguliwa. Nilimweka mezani mbele ya baba nikanyamaza, achague. Alimjaribu mlangoni mwa ndege. Akamjaribu chini ya bawa. Mwishowe akamtoa kabisa kwenye ubao, akamweka kwenye shimo moja la trei la mayai, lile la namba kumi na tisa, ambalo lilikuwa tupu.

"Huyu hakai nje," akasema. "Na trei usitupe."

Jumamosi iliyopita alikuwa anarudi Korogwe. Ijumaa usiku nikidhani tumemaliza, akaleta daftari. Kila modeli hubakiza vipande, vile ambavyo kijitabu chenyewe kinasema havitumiki kwenye toleo hili, na kwa hesabu ya baba vilitakiwa kubaki kumi na viwili. Mezani vilikuwa kumi na kimoja. Nikasema si vya kutumika, baba, ni vya kutupa. Akasema hajui habari za kutupa, anajua kumi na viwili.

Tulitafuta kwa tochi ya simu. Tukasogeza kochi, tukasogeza friji. Mzee wa miaka 74 amelala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule yangu, shavu chini, anaangalia chini ya kabati la TV kwa macho aliyoyapata mwezi uliopita. Wakati huo ndipo aliponiambia, akiwa bado chini, kwamba siku ya mwisho Embakasi alihesabu stoo yote, siku mbili mfululizo, akajumlisha kila kurasa, na hesabu ilikaa sawasawa hadi boliti ya mwisho. Akapiga mstari, akaandika jina lake upande wa anayekabidhi. Upande wa anayepokea ukabaki mtupu.

Kipande kilikuwa kwenye nyufa za mkeka, antena, nyembamba kama ndevu ya kambare. Nilikiona mimi lakini nilimwachia akiokote yeye.

Tukarudi mezani. Akaandika kumi na viwili, akapiga mstari kwa rula, akaandika jina lake kwa mwandiko ule wa shule ya zamani, herufi zimeegemea kulia. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, akaweka kidole.

"Saini."

Nikasaini.

"Na tarehe," akasema.